Mlango Uje Mwisho

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Dodoma. Natengeneza mageti, grili za madirisha, majiko ya mama lishe na, tangu serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016, vizimba vya mbwa. Mtu kajenga Kisasa au Nkuhungu, ukuta haujafika mwisho, mafundi wanaingia na kutoka, na mbwa aliyekuja naye kutoka Dar es Salaam hataki kumwona mgeni. Anaagiza kizimba. Wiki haijaisha, simu inaita: "Fundi, mbwa amekikataa!"

Mbwa mzima ana historia yake. Pengine maisha yake yote amefungiwa mara chache tu: siku ya sindano ya kichaa cha mbwa, na siku aliyopakiwa kwenye fuso akasafiri kilomita 450 akitapika. Akisikia komeo likigonga anajua kuna jambo. Ukimburuta kwa mnyororo na kumsukuma kwa goti, unamthibitishia kwamba hofu yake ilikuwa ya haki.

Kwa hiyo mlango naufungia bawaba za kunyanyua. Mteja akifika nyumbani anauchomoa, anauweka stoo, na kizimba kinabaki wazi kama kibaraza. Komeo nalivika kipande cha tyubu ya baiskeli ili lisigonge. Kila nilipochomelea napitisha grainda, kisha kiganja changu, maana chuma kikimkwaruza mara moja tu, kazi imerudi nyuma. Chini naweka mbao. Mbwa hawezi kulala juu ya nondo, na anayesema wake analala amemwangalia usiku tu kwa mbali.

Kipimo si siri: asimame bila kuinamisha kichwa, ageuke, alale amenyoosha miguu. Mashirika ya ndege nayo hutaka hivyohivyo kwa mbwa anayesafirishwa. Napima kutoka puani hadi shina la mkia na kuongeza kama sentimita 15.

Halafu inakuja kazi ya mwenye mbwa, na hapo ndipo wengi wanakosa subira. Bakuli la ugali na dagaa liwekwe nje, karibu na kizimba. Akila bila kukunja mkia, lisogezwe kizingitini, baadaye ndani kidogo, mwisho kabisa nyuma. Akiingia miguu miwili na kutoka, mwache atoke. Mtupie vipande vya maini humo ndani hata kama si saa ya chakula, utandike na gunia alilozoea kulalia. Mlango urudishwe pale anapoingia mwenyewe kujipumzisha. Uusukume anapokula, uufungue kabla hajamaliza. Siku nyingine uchelewe kidogo, ukiwa umekaa hapohapo unachambua mchicha. Ndipo uanze kuondoka, kwanza hadi jikoni tu.

Atabweka. Kubweka kwa kuomba ni jambo moja: subiri anyamaze kidogo, ndipo ufungue. Lakini anayetokwa udenda, anayetafuna nondo hadi fizi zinavuja damu, huyo hana ukaidi, ana hofu kubwa. Mtoe, urudi hatua kadhaa nyuma. Wapo wasiozoea kabisa. Mama mmoja wa Ilazo nilimshauri aache. Nikamtengenezea geti dogo la kutenga uwanja wa nyuma, na mbwa wake anakaa huko bila kelele.

Tena hapa kwetu kuna jua. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema. Kizimba cha bati juani mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, kinaweza kumuua. Kiwekwe chini ya mwarobaini au barazani, maji yasikosekane. Julai ni kinyume: upepo wa mashariki unakata usiku, basi mgongo wa kizimba uelekee huko na gunia liongezwe.

Kuna desturi ya kumfungia alfajiri na kumfungulia giza likiingia ili alinde. Siipendi, na wateja wangu nawaambia. Uswidi sheria hairuhusu kizimba kiwe makazi ya mbwa ndani ya nyumba. Sisi tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ila mbwa wa ulinzi hakumbukwi sana. Kizimba ni cha saa chache: wageni, safari, kidonda baada ya upasuaji. Au akimng'ata mtu. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na kuwahi hospitali, na mbwa afungiwe, aangaliwe siku 10. Aliyezoea kizimba atakula na kulala humo, na afisa mifugo ataiona hali yake halisi. Aliyetupwa humo siku hiyohiyo kwa fimbo atabweka, atatoa udenda na kuuma nondo, na hizohizo ni miongoni mwa dalili ambazo afisa anazitafuta.