Maandishi ya Matatu za Nairobi

Wengi huitafuta sanaa ya Nairobi katika majumba ya maonyesho, ilhali sehemu yake kubwa hupita barabarani. Jina "matatu" husemekana kutokana na nauli ya awali, yaani mapeni matatu ya senti kumi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu magari hayo kubeba abiria bila leseni maalumu. Yalipozidi kuongezeka, wenyewe wakashindania abiria kwa rangi, muziki na maandishi.

Maandishi hayo ni ya namna nyingi: methali, maneno ya dini, majina ya wanamuziki na misemo ya Sheng. Lakini hayajitoshelezi. Kama vile jina la kanga lisivyotenganishwa na mji na pindo, msemo wa matatu husomwa pamoja na picha iliyo kando yake na muziki unaovuma ndani. Methali ya onyo ikiandikwa chini ya uso wa mwimbaji huweza kugeuka kuwa majigambo.

Tofauti iko katika kudumu. Kanga huwekwa sandukuni. Matatu hupakwa rangi upya, na kanuni za mwaka 2004 zilizoagiza mstari wa manjano zilifunika michoro kadhaa. Kila msemo unaofutwa huondoka na ushahidi wa Sheng ya wakati wake. Kwa hiyo mtafiti anayenakili maneno peke yake huhifadhi nusu tu ya matini. Yampasa aandike pia tarehe, njia ya gari, picha na muziki.