Je, Wajua? Mshahara wa Mtu Aliyelala Kitandani

Je, wajua kuwa mfanyakazi wa Tanzania Bara ana siku 126 za likizo ya ugonjwa? Zimo katika kifungu cha 32 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Siku 63 za kwanza analipwa mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Hapo wengi huishia kusoma. Siku hizo hazitolewi kila mwaka, ni za miezi 36.

Na miezi hiyo haianzi Januari. Inaanza siku ulipoajiriwa. Aliyeajiriwa Machi 1, 2023 mzunguko wake unafungwa mwisho wa Februari 2026, halafu hesabu inaanza upya. Tuseme mtu huyo alivunjika mguu mwaka 2023 akalala wiki 6, akapona, akarudi kazini. Mwaka 2025 mgongo unamlaza tena. Wiki 6 zile ni siku 42, kwa hiyo amebakiwa na siku 21 tu za mshahara kamili. Magonjwa mawili, daftari moja. Hata zile ruhusa za daktari za kupumzika (ED) za siku mbilimbili, za malaria na jino, zinaandikwa humohumo. Ofisa utumishi makini anazo zote kwenye jalada. Wewe unazo?

Je, wajua kuwa nusu mshahara si nusu ya maisha? Anayelipwa shilingi 700,000 atapokea 350,000, lakini rejesho la mkopo linabaki palepale, kodi ya nyumba vilevile, na nauli ya kwenda kliniki imeongezeka. Sheria ilipiga hesabu ya mwajiri na mfanyakazi. Benki haikuwamo.

Cheti cha daktari si hisani kwa bosi. Usipokileta, mwajiri hana wajibu wa kukulipa. Lazima kitoke kwa daktari aliyesajiliwa, au kwa mtaalamu mwingine wa tiba ambaye mwajiri anamkubali, na mwajiri haruhusiwi kumkataa bila sababu ya maana. Kupiga simu kusema “naumwa” ni adabu nzuri, lakini haikulipi. Kabla ya kukabidhi cheti, toa nakala.

Kipo kizingiti kingine: asiyetimiza miezi 6 kazini hana likizo yenye malipo. Kibarua wa msimu, hata hivyo, sheria imemtaja na kumpa haki hiyo. Vilevile anayeajiriwa mara kadhaa kwa mwaka na mwajiri yuleyule, ikiwa vipindi vyake vikijumlishwa vinapita miezi 6. Watu wa mashamba ya chai na viwanda vya korosho wangepaswa kukijua kifungu hiki kuliko sisi wa maofisini.

Je, wajua kuwa mwajiri haruhusiwi kukwambia, “Tumia tu likizo yako ya mwaka, upone nyumbani”? Hata kama wewe mwenyewe umekubali, sheria inamkataza kuipokea likizo ya mwaka mahali pa likizo nyingine unayostahili. Hili linavunjwa kila siku, tena kwa tabasamu, na mgonjwa anaaga akishukuru.

Na barua ya kuachishwa kazi? Notisi haitolewi ukiwa likizoni, wala siku zake hazitembei sambamba na siku za likizo. Hii haimaanishi kwamba mgonjwa haachishwi kamwe. Siku 126 zikiisha na afya haijarudi, mwajiri anaweza kuanzisha mchakato wa kusitisha ajira kwa sababu ya afya. Lakini ni mchakato, si karatasi ya Ijumaa jioni. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Namba 42, zinamtaka aangalie chanzo cha ugonjwa, ni wa muda au wa kudumu, na kama ipo kazi nyepesi unayoweza kupewa. Anatakiwa akusikilize. Akiruka hatua hizo, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mlango huo unafungwa upesi: siku 30 tangu kuachishwa. Aliyekaa miezi miwili akingoja kupata nguvu atalazimika kwanza kuomba ruhusa ya kuchelewa.

Ugonjwa au jeraha likitokana na kazi yenyewe, hesabu inahama. Hapo unaingia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Anayeshindwa kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mapato yake, hadi miezi 24. Mchango wote unatoka kwa mwajiri. Mfanyakazi hakatwi hata senti, kwa hiyo ukiona makato ya WCF kwenye hati ya mshahara, uliza. Fundi aliyekatwa vidole na mashine na anayeambiwa atumie siku zake za likizo ya ugonjwa ametumwa dirisha lisilo lake.

Vuka Namanga. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inaanza na siku 7 za malipo kamili na 7 za nusu kwa mwaka, baada ya miezi miwili kazini. Hicho ni kiwango cha chini, na mikataba ya vyama vya wafanyakazi mara nyingi hukipita. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2006: mwezi wa kwanza mshahara kamili, na mwezi wa pili ukiisha ungali unaumwa, mwajiri anaweza kukuachisha. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, Namba 11 ya 2005. Aliyehamia Unguja asibebe hesabu za Bara.

Je, wajua kuwa wapo waliogoma miezi mitatu na zaidi kwa ajili ya mshahara wa mgonjwa? Ujerumani ilikuwa na bima ya ugonjwa ya wafanyakazi tangu mwaka 1883, enzi za Bismarck, lakini fundi wa kiwandani akiugua alipokea pungufu, ilhali karani wa ofisi ileile alilipwa mshahara wake wote wiki 6. Oktoba 1956 mafundi chuma wa Schleswig-Holstein, wengi wao wa viwanda vya meli, waliweka nyundo chini. Krismasi ikapita. Walirudi kazini Februari 1957, baada ya siku 114. Leo mgonjwa Mjerumani, awe fundi au karani, analipwa mshahara kamili wiki 6, kisha bima inampokea kwa asilimia 70 ya mshahara ghafi.

Uholanzi mwajiri hubeba mgonjwa wake hadi wiki 104, kwa asilimia 70 angalau. Marekani, nchi tajiri kuliko hizo zote, haina sheria ya shirikisho inayowalazimu waajiri wa sekta binafsi kwa jumla kumlipa mgonjwa. Sheria ya mwaka 1993 inatoa wiki 12 za kulindiwa kazi, bila malipo, na ni kwa wenye sifa tu katika kampuni za watu 50 au zaidi.

Turudi Bara, kwa jambo moja linalonikera. Mwenyewe ukiugua una siku 126. Mtoto wako akiugua, kifungu cha 34 kinakupa siku 4 zenye malipo kwa mzunguko wote wa miezi 36, na misiba ya mzazi, mwenza au ndugu inachota kwenye siku hizohizo 4. Mwajiri anaweza kukuongezea nyingine, bila mshahara. Mwenye mtoto wa selimundu anazimaliza katika kulazwa mara ya kwanza.