Kahukumiwa asubuhi, jioni yuko sokoni

Mwizi wa kuku akihukumiwa asubuhi, jioni akaonekana sokoni ananunua dagaa, mtaa hauulizi hakimu kaandika nini. Jibu lipo tayari: katoa kitu kidogo. Na kwa jinsi watu walivyozoea kuzungushwa, siwalaumu.

Sheria ya Huduma kwa Jamii ilipitishwa Tanzania mwaka 2002, miaka minne baada ya Kenya kutunga ya kwao. Adhabu inayostahili ikiwa kifungo kisichozidi miaka mitatu, hakimu anaweza kuamuru mkosaji afanye kazi za umma bila malipo badala ya kwenda gerezani. Wengi waliisikia adhabu hiyo, kwa jina la kifungo cha nje, Mei 2018, Mahakama Kuu ilipombadilishia adhabu mwigizaji Elizabeth Michael, maarufu Lulu. Wapo waliodhani kaachiwa huru, ilhali adhabu ilikuwa inaendelea.

Nayo si lelemama. Ofisa wa uangalizi huchunguza kwanza: mtu huyu anaishi wapi, anategemewa na nani, majirani wanamsemaje. Kisha anapangiwa zahanati, shule au ofisi ya serikali. Asubuhi anasaini daftari, anakabidhiwa fyekeo, au ndoo na dekio. Msimamizi wake si askari. Huenda ni muuguzi mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni. Akikacha, anarudishwa kwa hakimu. Na kufyeka uwanja wa shule anakosoma mwanao, wenzake wakichungulia dirishani, kuna uchungu ambao ukuta wa gereza humfichia mtu.

Uingereza, walikoianza adhabu hii kwa majaribio mwaka 1973, waliamua 2008 kuwavalisha wahusika vizibao vya rangi ya chungwa ili raia waone. Hilo siliafiki. Mtaani kwetu kila mtu anamjua mwizi wa kuku. Kizibao hakiongezi kitu. Kisichojulikana ni amri yenyewe: atafanya kazi wapi, saa ngapi, mpaka lini.

Wa kwanza kuambiwa awe aliyeibiwa. Kesi ikiisha anarudi nyumbani, banda tupu, halafu anakutana na kijana njiani, fyekeo begani, anamwamkia. Ofisa aliyekuja kumuuliza mjumbe tabia za kijana angerudi baada ya hukumu, akabisha hodi hapo pia: atafagia zahanati mpaka Machi, mama; ukimwona anazurura saa za kazi, namba yangu ni hii.