Baba Anakimbia Duka

Mpwa wangu yuko kidato cha pili. Jumamosi moja alikuja kwangu na daftari la Kiingereza lenye alama ya kosa iliyopigwa kwa wino mwekundu, kwa nguvu, hadi karatasi ikakaribia kutoboka. Sentensi aliyopewa atafsiri ilikuwa fupi: "My father runs a shop." Naye, kwa kuwa tangu shule ya msingi amekaririshwa kwamba "run" ni kukimbia, akaandika bila kusita: "Baba yangu anakimbia duka."

"Hukujiuliza," nikamwambia, "mtu anakimbiaje duka?"

"Nilijiuliza, Mjomba. Nikaona labda linadaiwa kodi."

Kwa hali ya biashara ilivyo, jibu lake lilikuwa na akili kuliko swali la kitabu. Sikumcheka. Nilimwonea huruma, maana kijana huyo alikuwa amegongana na neno gumu kuliko yote katika kamusi kubwa ya Kiingereza, na hakuna aliyempa tahadhari.

Kamusi hiyo ni ile ya Oxford, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1884 na toleo zima likakamilika mwaka 1928. Kwa miaka mingi bingwa wa maana nyingi ndani yake alikuwa "set". Katika toleo la pili la mwaka 1989, maelezo ya neno hilo peke yake yalichukua kiasi cha maneno 60,000, yaani urefu wa riwaya. Kisha wahariri wakaanza kuipitia kamusi upya, na ilipofika zamu ya "run" kazi ikaangukia kwa mhariri mmoja, Peter Gilliver. Alikaa nayo miezi tisa. Mwaka 2011 hesabu ikatangazwa: kama kitenzi tu, "run" ina maana 645. Miezi tisa, tarakimu tatu, mtoto mmoja!

Sasa mpe mwanafunzi "kukimbia" uone inavyomsaliti. Kwa Kiingereza pua "inakimbia", sisi tunasema mtoto anatokwa na kamasi. Rangi ya nguo "inakimbia", na hapo kila mama aliyewahi kufua khanga mpya pamoja na shuka nyeupe analo neno lake: inachuja. Soksi ndefu za akina dada "zinakimbia", kwetu zimefumuka. Barabara "inakimbia" kutoka mji hadi mji, wakati sisi tunaona inapita tu. Sukari "inakimbia nje", kumbe imeisha. Ugonjwa "unakimbia katika familia", kumbe ni wa ukoo. Hata makala hii, kwa Kiingereza, gazeti "limeikimbiza".

Kinachonifurahisha zaidi ni siasa. Mmarekani anayetaka urais "anakimbia". Mwingereza anayetaka ubunge, kwa lugha hiyohiyo, "anasimama". Mmoja mbio, mwingine wima, na wote wawili wanatafuta kura. Sisi hatukimbii wala hatusimami: tunagombea, neno lililotoka tumbo moja na kugombana, na sidhani kama yupo atakayebisha kwamba tumesema ukweli kuliko wao. Ukisema kwa Kiswahili kwamba mheshimiwa amekimbia uchaguzi, watu wataelewa ameogopa kushindwa. Yule anayeambatana na mgombea urais, ambaye sisi tunamwita mgombea mwenza, kwa Kiingereza ni "running mate", jina lililotoka kwenye mashindano ya farasi: alikuwa farasi wa zizi moja na yule anayetarajiwa kushinda, akiingizwa uwanjani ili kumwekea mwenzake kasi. Wagombea wenza wa kwetu wasinikasirikie. Sikulitunga mimi.

Wakati mwingine neno hili linamkimbiza mtu ambaye hata hajainua mguu. Katika kriketi alama huitwa "run", na waandishi wetu wa michezo huandika mikimbio. Lakini mpira ukipigwa hadi ukavuka mpaka wa uwanja, mpigaji anahesabiwa mikimbio minne, au sita kama haukugusa ardhi, hata akibaki amesimama palepale akijifuta jasho. Septemba 2007 wateja wa benki ya Northern Rock huko Uingereza walishikwa na hofu wakaenda kutoa fedha zao. Walipanga foleni nje ya matawi, foleni ya mwendo wa kinyonga, na tukio hilo likaingia katika historia kama "run" ya kwanza ya benki nchini humo tangu 1866. Hapo, hata hivyo, Kiswahili kinakubaliana nao kidogo. Tungesema watu waliikimbilia benki, ingawa nusu yao walikuwa wanaikimbia.

Hizo silabi mbili, -lia mahali pa -a, ndizo zilizonifanya niandike haya.

Kwenye "run", Kiingereza kilishaupoteza mkia wa namna hiyo. Kijerumani, ambacho ni ndugu yake, hadi leo kina vitenzi viwili: "rinnen" kwa maji yanayotiririka na "rennen" kwa mtu anayekimbia. Wanaochunguza asili ya maneno wanaeleza kuwa cha pili kilizaliwa na cha kwanza: maana yake ya awali ilikuwa kufanya kitu kitiririke au kikimbie. Kwa maneno mengine, zamani jamii ile ya lugha ilikuwa na kitu kama "-sha" yetu. Kiingereza kikaviyeyusha vyote viwili vikawa kimoja. Ndiyo maana kamasi za mtoto hazijaazima neno la mwanariadha, kwa kuwa utiririkaji ulikuwamo tangu mwanzo. Ndiyo maana pia "run" moja hubeba kwenda na kuendesha bila kubadilisha hata herufi. Farasi "run", na mwenye farasi "run" farasi. Kisha zikaja treni, mashine za viwandani na kompyuta, kila kimoja kikihitaji kitenzi cha kuelezea kwamba kinafanya kazi, na neno lilikuwa limeshakaa tayari mlangoni.

Kiswahili mkia wake hakikuukata. Kimbia, kimbilia, kimbiza, kimbizana, kimbilio, mkimbizi: kila mkia na kazi yake, na juu ya yote kuna harufu ya hatari, kwa sababu kwetu mtu hakimbii bure. Ndiyo maana "kimbia" haiwezi kubeba duka. Anayelibeba ni "enda". Saa inakwenda, gari linakwenda, mambo yanakwenda. Weka mkia, unaendesha gari, mtambo, kikao, programu ya kompyuta na duka la baba. Hata tumbo (samahani kwa anayesoma akiwa mezani) likiharibika tunasema linamwendesha mtu, na Waingereza nao kwa ugonjwa huohuo husema ana "the runs". Sijui msamiati mwingine ambao lugha hizi mbili zimekutana chooni bila kupanga.

Kwa hiyo kama mwalimu angeanza kwa kusema "run" ni kwenda, na mara nyingine ni kuendesha, na kukimbia ni mojawapo tu, mpwa wangu angepona makosa mengi. Nasi tusijione watakatifu. Mgeni anayejifunza Kiswahili anaambiwa "piga" ni kuchapa, halafu anasikia watu wanapiga simu, wanapiga pasi, wanapiga mswaki, wanapiga chafya na kupiga kura, naye anashangaa tuna ugomvi gani na kila kitu. Vijana wa mjini wamelimaliza tatizo kwa njia yao: wanasema "nina-run biashara", na siku inapita.

Nilimwelekeza mpwa wangu asahihishe sentensi yake, "Baba yangu anaendesha duka," kisha nikampa daftari tupu aandike kila "run" atakayokutana nayo, pamoja na Kiswahili chake cha kweli, kile kinachosemwa nyumbani na sokoni. Hadi juzi alikuwa amefikisha 31. Msomaji mwenye nyingine ailete, bado 614.