Rutuba Iendayo na Maji

Mvua kubwa inyeshapo katika nchi ya Wasukuma, vijito vilivyokuwa vikavu hujaa maji ya tope. Tope hilo limetoka mashambani. Mkulima alitazamapo likipita hudhani kwamba amepoteza udongo kidogo tu, kumbe amepoteza na chakula cha mimea yake.

Katika udongo mna fosforasi, ambayo mmea huihitaji ili utie mizizi na kuzaa mbegu. Fosforasi haiyeyuki upesi kama chumvi, bali hushikamana na chembe laini za udongo. Basi udongo ukichukuliwa, nayo huchukuliwa pamoja nao.

Maji ya Mto Simiyu, na ya vijito vya Geita vishukavyo kaskazini, huishia katika Ziwa Victoria. Huko rutuba ile hailishi mtama tena; hulisha mwani na magugu maji. Mwani ukizidi, maji huwa ya kijani; nao ukifa na kuoza, humaliza hewa ya oksijeni wanayoivuta samaki. Hivyo hasara moja huwa mbili: mkulima hukosa mavuno, na mvuvi hukosa samaki.

Zamani miti mingi ya Shinyanga ilikatwa ili kuwaondoa mbung'o na kupata mashamba ya pamba. Nchi ikabaki tupu, na udongo ukachukuliwa na maji. Mwaka 1986 serikali ilianzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iitwayo HASHI. Kazi hiyo ilifufua desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani malisho yafungwayo wakati wa mvua ili majani yakue, yafunguliwe wakati wa kiangazi. Majani na miti ikarudi, na mizizi yake ikaushika udongo.

Shambani nako yafaa matuta yakate mteremko, wala yasifuate njia ya maji. Samadi ifukiwe, isiachwe juu ya ardhi mvua ikikaribia. Kando ya mto yaachwe majani yasiyolimwa, ili yazuie tope. Na kijifereji kidogo kizibwe mapema, kwa maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Watu wa Geita huchimba dhahabu, nayo ikiisha chini haioti tena. Lakini udongo utunzwao hutoa mavuno mwaka baada ya mwaka.