Si Kila Homa ni Malaria, Wala Si Kila Jino la Kahawia ni Chafu

Mtoto akiamka usiku wa manane mwili ukiwa moto, wazazi wengi jijini huwa wamekwisha kuujua ugonjwa kabla ya kupambazuka. "Hiyo ni malaria tu," baba husema, na asubuhi mama hupitia duka la dawa akanunua tembe. Mtoto akipata nafuu, dawa husifiwa. Asipopata nafuu, siku mbili au tatu huwa zimekwisha kupotea.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini yeyote aliyeishi Nairobi mwezi wa Julai anajua kwamba anga yaweza kufunga wiki nzima na tone lisianguke. Homa nayo ni wingu. Yaweza kuleta malaria, na yaweza kuleta jambo jingine kabisa.

Watafiti katika maabara, katika wadi na hata kwenye kiti cha daktari wa meno wamekuwa wakifanya kazi inayofanana: kuchukua jambo ambalo kila mtu anadhani analijua, kisha kulipima. Mara nyingi matokeo yamepingana na yaliyoaminika, na familia isiyopata habari hizo ndiyo huumia.

Tone la damu

Kijidudu cha malaria kilionekana kwa mara ya kwanza mwaka wa 1880, wakati daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, alipochunguza kwa darubini damu ya mgonjwa huko Algeria. Hata hivyo, zaidi ya miaka mia moja baadaye, Waafrika wengi walikuwa bado wakitibiwa malaria kwa kuguswa paji la uso tu.

Hasara ya kukisia ilidhihirika mwaka wa 2004, pale jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilipochapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa 4,474, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano, waliolazwa wakiwa katika hali mbaya na kutibiwa malaria. Damu yao ilipopimwa kwa makini, ni wagonjwa 2,062 pekee waliopatikana na vijidudu vya malaria. Hiyo ni asilimia 46.

Lililohuzunisha zaidi ni idadi ya vifo. Miongoni mwa waliokuwa na malaria kweli, asilimia 7 hivi walifariki. Miongoni mwa wale ambao hawakuwa nayo, walifariki asilimia 12. Mgonjwa mwenye nimonia au maambukizi ya damu hawezi kuponywa na dawa ya malaria, hata apewe dawa bora namna gani.

Mnamo 2010, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo atibiwe. Siku hizi kuna kipimo cha haraka kinachohitaji tone moja tu la damu ya kidoleni, na majibu hutoka baada ya dakika 15 hadi 20. Hakuna sababu ya kukisia tena.

Kwa wakazi wa Nairobi jambo hili lina uzito wa pekee. Malaria nyingi nchini hupatikana kandokando ya Ziwa Victoria na katika sehemu za Pwani, wala si jijini. Kwa hivyo, mtoto akishikwa na homa baada ya likizo kwa nyanya yake Siaya au Kwale, mwambie daktari kuhusu safari hiyo. Na kipimo kikionyesha hana malaria, usimpe dawa za malaria "kwa usalama". Uliza: basi ni nini kinachomsumbua?

Muuguzi mmoja, wagonjwa wangapi?

Kutoka maabara mgonjwa hupelekwa wadi, na huko nako kuna imani ya zamani: kwamba anayeponya ni daktari, ilhali muuguzi ni wa kutandika vitanda na kugawa tembe.

Florence Nightingale, Mwingereza aliyewauguza askari huko Scutari, Uturuki, kuanzia mwaka wa 1854, alikuwa wa kwanza kuitikisa imani hiyo kwa hesabu. Aliporejea nyumbani alichora michoro iliyoonyesha kwamba askari wengi zaidi waliuawa na magonjwa yaliyoweza kuzuiwa kuliko waliouawa na majeraha ya vita. Usafi, hewa safi na uangalizi vilikuwa tiba.

Karne moja na nusu baadaye, mwaka wa 2014, jarida la Lancet lilichapisha utafiti ulioongozwa na Linda Aiken, ambaye mwenyewe ni muuguzi. Wenzake na yeye walichunguza rekodi za wagonjwa 422,730 waliofanyiwa upasuaji katika hospitali 300 za nchi tisa za Ulaya. Waligundua kwamba kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi aliandamana na ongezeko la asilimia 7 katika uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30.

Sababu si ngumu kuelewa. Daktari hupita wadini mara moja au mbili kwa siku, naye muuguzi yupo usiku na mchana. Ndiye huona kwanza kwamba pumzi zimebadilika, mkojo umepungua au kidonda kimeanza kutoa harufu. Akiwa na wagonjwa wachache huwahi kuita msaada. Akiwa na wengi mno, huwa yuko kitanda kingine wakati mambo yanapoharibika.

Hapa Nairobi pia watafiti waliketi katika wadi za watoto wachanga na kuhesabu kazi zilizofanywa na zile zilizoachwa. Matokeo yao yaliyochapishwa mwaka wa 2020 yalionyesha kwamba kadiri muuguzi mmoja alivyokuwa na watoto wengi, ndivyo kila mtoto alivyokosa sehemu ya huduma aliyostahili. Basi unapomwona muuguzi akikimbia huku na huko bila kukujibu, huenda si kiburi. Huenda hesabu imemlemea.

Meno ya Bonde la Ufa

Imani ya tatu huwaumiza watoto kimya kimya. Mwanafunzi kutoka Nakuru au Naivasha anapojiunga na shule ya mbali, wenzake huona meno yake ya kahawia na kumwita mchafu asiyepiga mswaki. Baadhi hujifunza kucheka huku wamefunika mdomo kwa mkono.

Mwaka wa 1901, daktari kijana wa meno, Frederick McKay, alifungua kliniki katika mji wa Colorado Springs, Marekani, akakuta watoto wengi wenye meno ya namna hiyo. Hakukubali kwamba ni uchafu. Alitafuta chanzo kwa takriban miaka 30. Katika mji mdogo wa Oakley, jimbo la Idaho, wazazi walimweleza kwamba madoa yalianza baada ya mji kuvuta maji ya mfereji kutoka chemchemi fulani. Aliwashauri waache maji hayo, na watoto waliozaliwa baadaye wakaota meno safi.

Jibu lilipatikana mwaka wa 1931, wakati mwanakemia H. V. Churchill alipopima maji ya aina hiyo na kukuta madini mengi ya floridi. Ajabu ni kwamba McKay alikuwa amegundua kuwa meno hayo yenye madoa hayakuoza upesi. Ndiyo maana floridi kidogo hutiwa katika dawa ya meno hadi leo. Kidogo hulinda, kingi hudhuru.

Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ina floridi nyingi, nayo huyeyuka katika maji ya visima. WHO hupendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Madoa huingia jino likiwa bado linaumbika ndani ya ufizi, kwa hivyo mswaki hauwezi kuyaondoa, na mtu mzima anayehamia huko hayapati. Kuchemsha maji hakusaidii, kwani maji hupungua na floridi hubaki. Maji ya mvua ni salama zaidi kwa upande huo, na chujio za mkaa wa mifupa pia hupunguza madini hayo.

Mzazi anaweza kufanya nini?

Mtoto akiwa na homa, mpeleke hospitali mapema na uombe apimwe kabla ya dawa. Mgonjwa wako akilazwa, jifunze kutoka kwa muuguzi dalili za hatari, nawe uwe jicho la pili kando ya kitanda. Ukiishi penye maji ya kisima, uliza kama yamewahi kupimwa floridi, hasa ikiwa una mtoto wa chini ya miaka minane. Mtoto wa miaka mitatu hadi sita atie mswakini dawa isiyozidi punje ya njegere, na aiteme.

Na binti yako akija nyumbani akimcheka mwenzake mwenye meno ya kahawia, mweleze kwamba mwenzake alikunywa tu maji ya kwao.