Moteri ingine mu gari ya zamani: muangalie nini mbele ya kupakia mavuno



Wengi wenu munatuuliza ulizo moja: gari yetu ya zamani moteri imekufa, tunaweza kuweka ingine ya okazio sisi wenyewe ku parseli? Sisi ni waagronome, hatuko mafundi wa gari. Lakini tulisindikiza kazi hiyo mu koperative moja ya kahawa upande wa Kalehe, na tukafanya kosa ambalo karibu liue watu. Juu ya ile tunawaandikia.

Gari ilikuwa Land Cruiser ya miaka ya 1980, yenye moteri ya esansi ya 3F. Esansi ilikuwa inakula faida yote. Koperative ikanunua moteri ya mazutu ya silinda 6, iliyotolewa mu gari iliyopinduka. Ilikuja bila alternateri. Fundi na vijana wawili wakafunga palan ku mti mkubwa, wakatoa ya zamani, wakaingiza ingine. Kulikuwa haraka: kahawa nyekundu inapaswa kutolewa maganda siku ile ile imevunwa, kama sivyo inaanza kuchacha na bei inaanguka.

Moteri ilipoguruma watu walipiga makofi. Kumbe kazi ilikuwa bado nusu. Haya njo magumu tuliyokutana nayo, na namna ya kuyatafuta.

1. Dimareri inazunguka polepole, ao inalia "ka" tu

Musikimbilie kununua batri. Mara mingi ni masi: ile kabo nene inayounganisha moteri na shasi. Wakati wa kutoa moteri inafunguliwa, kisha inasahauliwa. Muchukue kabo ya kuwashia magari, mufunge upande mumoja ku alama ya kutoa (−) ya batri, upande ingine ku chuma safi ya moteri. Kama sasa inazunguka kwa nguvu, ugonjwa umejulikana. Mukwangue rangi na kutu, mufunge kabo mupya.

Muangalie pia volti. Moteri zingine za mazutu zimetoka ku magari ya volti 24. Dimareri na buji za kupasha moto za volti 24 hazitafanya kazi vizuri ku gari ya volti 12. Ile ya kwanza itachoka, hizi za pili hazitapata moto wa kutosha, na asubuhi ya baridi ku milima moteri itakataa kuwaka.

2. Inazunguka vizuri lakini haiwaki, ao inawaka kisha inakufa

Mufungue kontakti, musikilize ku pompe ya mazutu. Kunapaswa kusikika "tak" kidogo: ni kile kifungo cha umeme kinachofungulia mazutu njia. Hakuna sauti? Mutafute ile nsinga, maana gari ya zamani ya esansi haikuwa nayo.

Kama sauti iko, mufikirie hewa. Pompe ya mazutu haipendi hewa hata kidogo. Muweke kipande cha tiyo inayoonyesha ndani mbele ya filtre. Mukiona mapovu, hewa inaingia mahali fulani kati ya tanki na filtre: tiyo imepasuka ao kolie haikukazwa. Mukaze, kisha mupige pompe ya mkono iliyo juu ya filtre mpaka iwe ngumu.

Na tanki: muitoe, muioshe. Esansi iliyobaki haifai ku pompe ya mazutu, na kutu ya tanki ya zamani inaziba filtre mu siku kidogo. Muangalie pia kama iko njia ya kurudisha mazutu ku tanki, juu pompe inarudisha ile haikutumia.

3. Inachemka ku mupando

Ventilateri ilibaki mbali sana na radiatere, maana moteri mbili hazina urefu mumoja. Fundi akatengeneza sanduku la bati kuizunguka, ili hewa ipite mu radiatere tu. Kisha tukajaza maji polepole, moteri ikizunguka, mpaka mapovu yaishe. Musifungue kifuniko cha radiatere ikiwa moto. Inachoma mutu vibaya.

4. Moshi mweusi na nguvu kidogo

Kivu ni juu: hata uso wa ziwa uko karibu metre 1.460. Huko hewa ni nyepesi. Mafundi wengine wanafungua visi ya pompe ili mazutu iongezeke. Musikubali. Mazutu bila hewa ni moshi na joto, haiko nguvu. Mwanzo mubadilishe filtre ya hewa.

5. Freni

Hapa njo kosa letu. Juu moteri ilikuja bila alternateri, sisi wenyewe tulisema: ile ya moteri ya zamani iko nzima, muitumie, muchunge feza. Batri ikajaa vizuri, tukafurahi.

Lakini pedali ya freni inasaidiwa na kile kisahani cheusi kikubwa kilicho nyuma yake, mafundi wanakiita mastavaki. Kinataka kitu cha kunyonya hewa yake. Moteri ya esansi inanyonya yenyewe, maana ina kimlango kinachobana hewa inayoingia. Moteri mingi ya mazutu haina kimlango hicho. Inahitaji pompe ya kunyonya hewa, na ku moteri mingi ya Toyota ya mazutu pompe hiyo imefungwa nyuma ya alternateri. Kwa kuweka alternateri ya esansi, tuliondoa musaada wa freni.

Ku parseli, ku tambarare, hakuna aliyeona. Siku ya kwanza na mizigo, ku muteremuko, pedali ikawa ngumu kama jiwe. Shofere alishusha vitesi na kuegemeza gari ku ukingo wa mlima. Hakuna aliyeumia. Lakini magunia yalilala pale barabarani, na kesho yake kahawa ilikuwa inanuka siki. Familia ambazo zilivuna vizuri zilipokea bei ya kahawa mbaya, juu ya shauri letu.

Kipimo ni cha dakika moja, hakiombi feza:

- Moteri ikiwa imezimwa, mukanyage freni mara 5 ao 6 mpaka pedali iwe ngumu.
- Muache muguu juu yake, muwashe moteri.
- Pedali inapaswa kushuka kidogo chini ya muguu. Kama haishuki, gari isitoke.

Tuliweka alternateri yenye pompe, pamoja na tiyo zake mbili za mafuta, ile ya kuingiza na ile ya kurudisha, maana pompe bila mafuta inaungua. Gari inatembea mpaka leo.

Basi, mbele ya kutupa ao kurudisha kila kipande, muulize fundi: moteri ya zamani ilikuwa inasaidia nini hapa, na sasa nani atafanya kazi hiyo? Na safari ya kwanza iwe bila mizigo na bila watu, kupanda na kuteremuka, mbele ya siku ya mavuno.